Arosto ya tramadoli: punguza kapsuli, usikate ghafla

Ukimeza tramadoli, dawa kali ya maumivu, kila siku kwa wiki kadhaa, hata kama uliandikiwa na daktari baada ya kupasuliwa au kuvunjika mguu, mwili huizoea. Huo si uhuni. Ukiikata ghafla, ndani ya saa 12 hadi 48 arosto inaanza: miayo, makamasi, jasho, tumbo kukata, kuharisha, miguu isiyotulia kitandani. Wengi hudhani ni malaria na kukimbilia kupima. Siku ya 2 hadi ya 4 ndizo kali. Baada ya wiki hivi mwili hutulia, ila usingizi na furaha huchelewa kurudi.

Tramadoli ina ukorofi wake. Mbali na kufanya kazi kama morfini, hugusa pia serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo, ndiyo maana wengine hupata hofu kali, ganzi, hata kuona visivyopo. Anayepita miligramu 400 kwa siku yuko kwenye hatari ya kupata degedege. Huyo, mjamzito, na mwenye kifafa wasijipunguzie nyumbani, waanzie hospitali.

Wengine wapange na daktari. Tuseme unameza kapsuli 8 za miligramu 50 kwa siku: toa moja, kaa hapo wiki mbili, kisha toa nyingine. Anza na ya mchana. Ya usiku iwe ya mwisho, kwani bila usingizi hakuna anayevumilia. Arosto ikikuzidi, baki ulipo wiki nyingine, usirudi juu. Wanaokwama hukwama mwishoni, na hesabu inaonyesha kwa nini: kutoka 8 kwenda 7 umepunguza asilimia 12 na ushee, kutoka 2 kwenda 1 umekata nusu. Hapo nenda polepole zaidi. Usimeze leo ukaruka kesho. Siku ya kuruka ni arosto kamili. Na kidonge kinachoyeyuka polepole usikivunje wala kukisaga, maana dozi ya saa nyingi itaingia mwilini kwa mkupuo.

Kwa joto la Dar, anayeharisha na kutoka jasho hukaukiwa haraka. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo; uji na madafu pia vinafaa. Maumivu ya mwili, parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa siku. Pombe na diazepamu ziache kabisa: zikikutana na tramadoli hupunguza pumzi.

Ikishindikana, hospitali za Muhimbili, Mwananyamala na Temeke zina kliniki za methadoni, dawa mbadala inayotuliza arosto. Ya Muhimbili ilianza mwaka 2011. Zilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, lakini wahudumu wake wanaijua arosto kuliko muuza duka la dawa. Nenda bila aibu.

Jambo linaloua huja baadaye. Ukishakaa wiki kadhaa bila dawa, mwili umesahau dozi ya zamani. Ukiirudia ileile, inaweza kukuzima. Waeleze wa nyumbani mapema: wakikukuta huamki, pumzi inakwenda kwa shida na midomo imebadilika rangi, wakulaze ubavu, wasikunyweshe maziwa wala chochote, wakupeleke hospitali mara moja na boksi la dawa mkononi.