Jibu: Je, mapenzi yanashinda mamlaka ya baba katika L'Avare?

Salamu mkuu. Umekwama hapa: mwishoni mwa L'Avare ("Bahili"), tamthilia ya kuchekesha ya Molière (1668), vijana wanaoana, lakini mwalimu amekataa sentensi yako "mapenzi yameshinda mamlaka ya baba".

Nami niliandika hivyohivyo, mpaka tulipoigiza tukio la mwisho. Anzia hapo: Harpagon, yule baba bahili, anaridhia kwa nini? Mwanawe Cléante anamwambia waziwazi, nipe ruhusa nimwoe Mariane, urudishiwe sanduku lako la fedha lililoibwa. Anselme, ambaye ameshatambulika kuwa baba wa Mariane na wa Valère, mpenzi wa Élise binti wa Harpagon, anakubali kugharamia harusi zote mbili, pamoja na suti mpya ya Harpagon! Baba hajashawishika hata chembe, amelipwa. Na anayewaokoa vijana ni baba mwingine, mwenye mali na huruma.

Angalia pia mahari. Katika Ufaransa ya wakati ule mahari ilitoka kwa upande wa binti, ndiyo maana Harpagon anakazania kumwoza Élise kwa Anselme "bila mahari". Ukiisoma kwa mazoea yetu, tukio zima litakupotea.

Mamlaka yenyewe huporomoka mapema, tendo la nne. Harpagon anamlaani mwanawe, Cléante anajibu kwamba hana haja na zawadi zake. Tulipoigiza, ukumbi ulinyamaza kabla ya kucheka. Laana ya mzazi imegeuka kitu cha kukataliwa kama bakshishi. Aya yako ijenge juu ya jibu hilo, kisha ndipo uende kwenye harusi.