Maswali yenu: hiyo mashine ya kuchochea ubongo baada ya kiharusi

Tangu niguse ile mada ya mashine za kuchochea ubongo meseji zimemiminika, nyingine ndefu kuliko barua ya posa. Zinazofanana nimeziunganisha, majina kama kawaida siweki, naweka mtaa tu. Kwa wageni, mimi ni mtu wa mazoezi, fizio, nashinda na wagonjwa wa kiharusi hapa Kigoma. Sio profesa wa ubongo ila haya mambo huwaga nayafatilia.

Mama wa Katonga: Mume wangu alipigwa kiharusi mwezi wa nne, mkono wa kulia bado mzito. Mwanetu yuko Dar kasikia kuna mashine inawekwa kichwani bila kupasua, inaamsha ubongo. Kweli au utapeli?

Mashine ipo mama, ila hapo kwenye "inaamsha" kuna chumvi imeongezwa. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya sumaku, walioionyesha kwanza ni Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Ni waya wa shaba umezungushwa ukakaa kama namba nane, umefunikwa plastiki, una mpini, daktari anaushika juu ya kichwa na nywele zako zipo vilevile. Umeme mkali unapita kwenye ule waya kwa muda mfupi kuliko kukonyeza, unazaa sumaku yenye nguvu kama ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, sumaku inapenya fuvu na kuzaa umeme mdogo ndani ya ubongo, sentimita mbili tatu hivi toka juu. Inalia ta! ta! ta! kwaiyo unapewa vya kuziba masikio. Sasa kinachonishangazaga mimi ni hiki, daktari akishakipata kile kieneo kinachoongoza mkono, dole gumba linaruka lenyewe, mtu katulia kwenye kiti hajaamua chochote, dole hilo! Ndo wanavojua wako mahali sahihi na waweke nguvu kiasi gani.

Ya pili ni ndogo ya betri, inapitisha umeme wa miliampia 1 au 2 kupitia sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, dakika 20 hivi. Hii hairushi dole, inazifanya tu seli za ubongo ziwe tayari tayari, kama mchezaji anavopasha kabla ya mechi, na asipoingia uwanjani umempasha bure. Marekani waliiruhusu ya sumaku kutibu sonona tangu 2008 lakini kwa mkono wa kiharusi habari bado ni ya utafiti. Na kwa waliouliza, hapana, sio ile shoti ya wagonjwa wa akili. Ile inafanywa mtu kalazwa usingizi na lengo ni apate degedege, hapa mtu yuko macho anapiga stori.

Mwalimu mstaafu, Ujiji: Nimesoma kuwa wengine wanachochea upande mzima wa ubongo badala ya ulioumia. Mantiki yake nini?

Swali zuri mwalimu. Chukulia mtumbwi una wapiga kasia wawili, mmoja kushoto mmoja kulia. Wa kushoto kaumia bega, wa kulia anaendelea kupiga kwa nguvu zote, mtumbwi unazunguka palepale na yule aliyeumia ndo anazidi kushindwa. Watafiti waliwaza kwamba upande mzima wa ubongo unamkandamiza mwenzake, kwaiyo wakaupiga sumaku ya polepole, mpigo mmoja kwa sekunde, ambayo inapoza, ile ya haraka haraka ndo inachangamsha. Wazo tamu sana kwenye karatasi.

Alafu likaja jaribio kubwa la Marekani, matokeo yakatoka 2018, wagonjwa 199. Kundi moja wakapata sumaku ya kweli, jingine wakapata ya kuigiza, kifaa kipo kichwani kinalia vilevile ila hakifanyi kazi. Wote wakafanyishwa mazoezi ya mkono. Miezi sita baadae, waliopona kiasi cha maana kwenye kundi la kweli walikuwa asilimia 67, na kundi la kuigiza 65. Yani ngoma droo! Wengi wakaishia hapo wakasema sumaku imefeli, mimi nikaangalia ile 65. Hao watu sumaku yao ilikuwa ya kuigiza bana, walipata mazoezi ya kupangwa na mtu wa kuwasimamia, wakapona. Kuna tafiti nyingine ndogo ndogo zimeonyesha nafuu kwaiyo mlango haujafungwa, ila mtu asikuuzie kama dawa.

Kijana wa Kibirizi: Babu anasema yule samaki wa shoti wa ziwani anatibu kupooza ukimshika. Nimpelekee?

Hahaha, babu hayuko peke yake. Miaka karibu elfu mbili iliyopita kuna tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika kwamba mtu wa kichwa kisichopona awekewe samaki wa umeme akiwa hai pale panapouma mpaka pafe ganzi. Huyo alikuwa wa baharini, sisi Tanganyika tuna kambare wetu anayepiga shoti na mvuvi aliyewahi kumtoa kwenye wavu hasahau. Ila usimpelekee babu. Ndugu zake wa mto Nile wamepimwa wanatoa mpaka volti 350 hivi, na hakuna wa kumwambia samaki apunguze. Mzee wa presha na moyo unaweza kumuua.

Fundi simu, Kasulu: Nimeona video, betri ya volti 9, waya na sponji. Naweza kumtengenezea mama?

Najua unaweza kutengeneza, tatizo sio ufundi. Sponji ikikauka au ngozi ikibadilika umeme unakusanyika sehemu moja, unaunguza, na mtu aliyekufa ganzi upande hasikii kama anaungua. Alafu ubongo wenye kovu la kiharusi hauupitishi umeme kama ule wa kwenye video. Mwaka 2016 watafiti wenyewe waliandika barua ya wazi kuwaonya wanaojitengenezea nyumbani, ujue wao ndo wanaoipenda hii kitu. Acha kabisa.

Wengi wa Mwanga: Kuna jamaa ana mashine ya kushika vyuma viwili, anasema inapima na kuamsha mishipa ya ubongo, laki tatu kwa siku kumi.

Hiyo haihusiani na chochote nilichoandika hapo juu. Laki tatu nunua dawa za presha, zinazobaki nauli ya kliniki.

Mama wa Uvinza: Mwanangu ana kifafa, na ana chuma kichwani cha ajali. Siku hiyo mashine ikifika?

Ya sumaku, mwambie daktari yote mawili kabla hajakaa kwenye kiti. Chuma kichwani au kifaa cha umeme cha moyo kinaweza kumtoa kabisa kwenye tiba hiyo, na ingawa kuamsha degedege ni nadra, mwenye kifafa ndo wa kwanza kuangaliwa.

Tabora, Isevya: Sasa sisi tusio na mashine tukae tu? Baba ana miaka miwili tangu kiharusi, mkono unafunguka kidogo lakini hautumii.

Hiyo "unafunguka kidogo" ndo nilikuwa naitafuta. Kuna njia ya mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub, mkono mzima unavishwa glavu nene ili ushindwe kazi, ule mbovu ulazimike. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya watu 222, waliofanya wiki mbili hivo walikuwa bado mbele ya wenzao mwaka mzima baadae, na Taub mwenyewe alianza na watu waliougua miaka mingi nyuma, kwaiyo miwili isikutishe.

Hapa kwetu natumia soksi. Nina mzee mmoja alikuwa mchambuaji dagaa, nikamvika soksi nene mkono mzima, nikaweka mabakuli mawili na mise, zile kokwa za mchikichi, ahamishe moja moja. Siku ya kwanza kahamisha nne, jasho linamtoka, kanitukana kwa Kiha mpaka wajukuu wakakimbia nje. Tukaongeza taratibu, kushika kikombe, kufunga kitasa, kupangusa meza. Soksi inavuliwa akienda chooni, akishika fimbo kutembea, na akisogelea moto. Mkono usiofunguka kabisa hii sio yake, huo anza na fizio wa hospitali ya mkoa kwanza.

Nyie wa Tabora mise sijui mtazitoa wapi, tumieni kokwa za embe mkianza, ni kubwa zinashikika, alafu mshuke kwenye karanga.