La Grande unaishia James Bay, sio Ungava

Kuna wanaosema mto La Grande wa Quebec, Kanada, unamwaga maji ghuba ya Ungava, kaskazini. Hapana, unaenda magharibi hadi ghuba ya James Bay. Kinachochanganya watu ni mto mwingine, Caniapiscau, huo ndo ulikuwa unaenda kaskazini mpaka Ungava ila miaka ya 80 maji ya sehemu yake ya juu yakazuiwa kwa bwawa na kugeuzwa yaingie La Grande kuzungusha mitambo ya umeme, linganisha ramani ya 1970 na ya leo utaona lile bwawa kubwa halikuwepo. Na isisemwe kule hakukuwa na watu, Wacree, wenyeji asilia wa huko, walienda mahakamani kupinga, mkataba wao na serikali ukasainiwa 1975, na bado kijiji chao cha Fort George, kisiwani pale mlangoni mwa mto, kikahamishiwa Chisasibi kwa hofu mkondo mpya ungekula kingo.