Maswali na majibu: wanaokula methani

Kwa nini mnawasifu bakteria wa methani, na ndio wanaojaza gesi hiyo kwenye vinamasi?

Swali hili halikauki. Anayetengeneza methani, gesi inayoongeza joto duniani, na anayeila ni viumbe wawili tofauti. Watengenezaji ni arkea, vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria, wanaishi ndani ya tope lisilo na oksijeni. Walaji wengi ni bakteria wanaotaka oksijeni, na makazi yao ni tope la juu kabisa, pale gesi inayopanda inapokutana na hewa inayoshuka. Tabaka hilo lina unene wa milimita chache tu, lakini hunasa sehemu kubwa ya gesi kabla haijatoka. Ukiandika "bakteria wa methani" bila kusema yupi, bado hujauliza kitu.

Nikiwaongeza hao walaji kwenye mtambo wa biogesi, gesi itaongezeka?

Hapana. Bila oksijeni hawafanyi kazi, na ukiingiza hewa ili waishi, watakula gesi yako mwenyewe. Zaidi ya hapo, methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ndani ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Usijaribu.

Nilitia gramu 10 za udongo kwenye chupa ya mililita 120, nikatoa hewa kiasi na kuweka methani asilimia 20. Ilipungua kwa siku kadhaa, kisha ikasimama. Bakteria wamekufa?

Hawajafa, wamekosa hewa. Piga hesabu. Nafasi iliyobaki juu ya udongo ni kama mililita 110, kwa hiyo methani ni mililita 22 na hewa 88. Katika hewa hiyo oksijeni ni mililita 18 tu. Kuiunguza methani yote hadi iwe hewa ya ukaa na maji, kila molekuli moja inadai mbili za oksijeni, yaani mililita 44. Hata ukizingatia kwamba sehemu ya kaboni wanaijengea miili yao na hivyo oksijeni inayohitajika inapungua, bado haitoshi, na vijidudu wengine wa udongoni nao wanavuta hiyohiyo.

Anza na methani asilimia 1. Udongo uwe na unyevu wa kushikana kiganjani bila kuchuruzika. Ukilowa chepechepe, gesi haipenyi. Usiukaushe kwenye oveni kwanza. Tumia kizibo cha mpira wa butili, maana vizibo vingine huvujisha. Weka pia chupa ya pili yenye udongo uliochemshwa kwa mvuke wa shinikizo ili bakteria wafe. Bila hiyo huwezi kujua kama gesi imeliwa au imevuja, na matokeo yasiyo na chupa hiyo mimi siyasomi.

Chini ya bahari hakuna oksijeni. Huko nani anaila?

Arkea wanaoshirikiana na bakteria wanaotumia salfeti, chumvi ya salfa iliyomo baharini, badala ya oksijeni. Mwaka 2000 watafiti walionyesha vishada vyao kutoka Hydrate Ridge, nje ya pwani ya Oregon: arkea katikati, bakteria wamewazunguka. Nishati wanayopata ni kidogo mno, kiasi kwamba huchukua miezi kuongezeka mara mbili. Hata hivyo ndio wanaozuia methani nyingi ya kwenye mashapo isifike kwenye maji. Kwa hiyo anayetaka kukwangua sakafu ya bahari ajue kwamba jamii ya namna hiyo hairudi upesi.

Maji baridi nayo yana wa kwao. *Methylomirabilis oxyfera* ni bakteria anayetumia nitraiti, chumvi ya nitrojeni, na kujitengenezea oksijeni ndani ya seli. Hilo lilielezwa mwaka 2010.

Mbolea za amonia zinawadhuru?

Katika udongo wa misitu na nyasi usiotuamisha maji, ndiyo. Kimeng'enya kinachoishika methani huishika amonia pia, kikatoa hidroksilamini na nitraiti, ambazo ni sumu kwao. Udongo wa aina hiyo huondoa angani kama tani milioni 30 za methani kwa mwaka, ukiukata msitu na kulima, uwezo huo huchukua miongo kurudi. Msiupime udongo kwa mavuno peke yake. Kwenye majaruba ya mpunga hali ni tofauti: mizizi hushusha oksijeni, methani ni tele, na nitrojeni ikiwa haba mbolea hiyohiyo inaweza kuwachangamsha.

Ninunue bakteria wa paketi nimwage juu ya dampo ili wale methani yake?

Usitupe fedha. Tayari wamo; kinachokosekana ni mahali pa kukaa. Tandaza kokoto sentimita 30 ili gesi isambae, juu yake mboji iliyokomaa kama mita moja, usiishindilie. Mboji mbichi huvuta oksijeni yenyewe na inaweza hata kutoa methani. Kagua nyufa baada ya kila kiangazi, kwani gesi hufuata ufa na kuwapita walaji wote. Pima na kingo za dampo, si katikati tu.