Safari ya Lewis na Clark: maswali yenu

Tangu tuguse habari za msafara wa Lewis na Clark, maofisa wawili wa jeshi la Marekani, kwenda magharibi mwa nchi hiyo, maswali hayajakoma. Leo najibu matano.

Nani aliwatuma, na walitafuta nini?

Rais Thomas Jefferson. Mwaka 1803 Marekani ilinunua Louisiana, eneo kubwa la magharibi ya mto Mississippi, kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, naye alitaka ipatikane njia ya maji ya kufikia Bahari ya Pasifiki kwa ajili ya biashara. Waliondoka Mei 1804, wakaupanda mto Missouri kwa mashua. Njia hiyo hawakuipata, maana milima ya Rocky imekaa katikati.

Kweli nchi ile haikuwa na ramani?

Ya karatasi, sehemu kubwa haikuwa nayo. Lakini ilikuwa na wenyewe! Wamandan na Wahidatsa, makabila ya wenyeji waliokaa nao kipindi chote cha baridi, waliwaeleza mito na maporomoko yaliyokuwa mbele. Mzee mmoja wa Wanez Perce, kabila jingine la wenyeji, aliwachorea mito juu ya ngozi nyeupe. Ndiyo maana sikubali nchi ile iitwe pori lisilojulikana.

Sacagawea ndiye aliyewaongoza njia?

Kazi yake hasa ilikuwa ukalimani. Alikuwa mwanamke wa Washoshone, kabila la wenyeji wa milimani, aliyetekwa angali mdogo, na alisafiri na mtoto aliyezaliwa Februari 1805. Agosti ya mwaka huo msafara ulikuwa umefika milimani bila farasi wa kuuvusha. Akaitwa atafsiri maneno ya mkuu wa Washoshone, Cameahwait. Kumtazama vizuri, kumbe ni kaka yake! Aliinuka mbio, akamkumbatia, akamfunika blanketi lake huku akilia. Kisha akarudi kwenye kazi yake, na kila mara machozi yakamkatiza. Farasi wakapatikana.

Walikufa wangapi?

Mmoja tu, Sajini Charles Floyd, Agosti 1804. Inadhaniwa ni kidole tumbo.

York alikuwa nani?

Mtumwa wa Clark, na ninashukuru mmemuuliza, kwa sababu wengi humruka. Alibeba bunduki, akawinda, akafanya kazi zote kama wenzake. Novemba 1805, walipofika Pasifiki na kuulizana wajenge wapi kambi ya baridi, naye aliulizwa na maoni yake yakaandikwa. Walirudi St. Louis Septemba 1806. Askari walilipwa mshahara maradufu na kupewa ekari 320 kila mmoja. York hakupewa kitu, na alipoomba uhuru wake, Clark alimkatalia kwa miaka.