Rangi ya zamani inabanduka, nimwite nani akague?

Pole sana dada. Nimekuelewa: nyumba ya kupanga hapo Moshi, ya miaka ya 1960, rangi ya dirishani inabanduka, mtoto wa miaka miwili anaokota magamba anatia mdomoni, na kaka yako wa Chicago anasema tafuta mkaguzi mwenye leseni.

Kwao Marekani rangi yenye risasi (metali ya sumu, kwa Kiingereza lead) ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Mkaguzi husomea ndipo apewe leseni. Kazi yake ni kupima na kuandika risasi iko wapi. Kueleza hatari yake na jinsi ya kuiondoa ni kazi ya mtathmini, mwenye leseni nyingine. Hizo ni leseni za huko.

Wewe ulizia ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kaskazini, Arusha, kama watakupimia kipande cha hiyo rangi. Kiwe na matabaka yote, maana ya chini ndiyo ya zamani.

Fundi asipige msasa mkavu wala kuchoma rangi! Vumbi lile ndilo sumu. Futa dirisha na sakafu kwa tambara lenye maji, mnawishe mtoto kila kabla ya kula.

Ila mtoto asisubiri majibu ya rangi. Mpeleke hospitali ya KCMC, mwambie daktari wazi kwamba amekula rangi, uulizie kipimo cha risasi kwenye damu. Anaweza kucheza vizuri tu huku inamdhuru ubongo.