Kukirihi, karaha na makuruhi: je, ni ukoo mmoja?

SWALI: Katika riwaya moja nimekuta sentensi, "Kicheko chake kilimkirihi." Kamusi yangu yasema kukirihi ni kuchukiza. Kwa nini basi mwandishi asiandike "kilimchukiza"? Na je, neno hili lina uhusiano na makuruhi tuliyofundishwa madrasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Naam, ni ukoo mmoja. Kirihi, karaha, ikrahi na makuruhi yametoka katika mzizi wa Kiarabu k-r-h, wenye maana ya nafsi kulikataa jambo.

Nianze na makuruhi, maana hapo ndipo uzito wa neno unapopimika. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, matendo hupangwa daraja tano: faradhi, suna, mubaha (yaliyo ruhusa tu), makuruhi na haramu. Makuruhi yamekaa mlangoni pa haramu lakini hayajaingia. Ukiyaacha kwa ajili ya Mungu unapata thawabu. Ukiyafanya huandikiwi dhambi. Utotoni niliwahi kula kachumbari ya vitunguu vibichi kisha nikashika njia ya msikitini. Bibi akaniita, akaninusa mdomo, akasema, "Si haramu, mjukuu wangu, ila ni makuruhi. Kasukutue kwanza." Hakufoka. Aliukunja uso kidogo tu.

Uso ule wa bibi ndio kukirihi. Mtu akichukizwa na kicheko, huenda akafoka au akaondoka. Kikimkirihi, kwa sikio langu, nafsi inasinyaa naye bado ameketi palepale, pengine hata anatabasamu. Karaha yenyewe yaweza kuwa kubwa mno, lakini imebaki ndani. Mwandishi wako alilihitaji neno hilo, na kulibadilisha kungemharibia mhusika wake.

Katika ushairi anayetamba zaidi ni karaha, kwa kuwa vina vyake vinalingana na raha. Wapo wanaodhani karaha ni raha iliyoongezewa ka- mbele. Sivyo hata kidogo. Kwa Kiarabu, h ya raha na h ya karaha ni herufi mbili tofauti, na mizizi yake haijuani. Ni Kiswahili kilichozitamka sawa, na washairi wetu wakapata maneno mawili yanayopingana kwa maana na kukumbatiana kwa sauti. Napenda sana bahati hii ya lugha yetu.

Kwa matumizi, mara nyingi kitu ndicho kinachomkirihi mtu: "kelele hizi zinanikirihi". Mtu mwenyewe "amekirihika", na maneno yaliyomfanya hivyo ni "ya kukirihisha". Ila tafadhali usiandike "Serikali imekirihi mauaji hayo". Hapo sema imelaani, au imeshutumu. Kulaani na kushutumu sharti kusikike. Kukirihika kwaweza kuanza na kuisha usoni, pasipo neno lolote kutamkwa.